Gari Likiharibika Kabisa: Usikimbilie Kutia Sahihi
Maelezo yaliyotolewa kwa wenye magari katika baraza la Majengo, Meru

Nimeombwa nizungumzie jambo moja: gari limepata ajali na kampuni ya bima imesema halitengenezeki. Unalipwaje?

Kwanza, soma karatasi yako ya bima ujue ni ya aina gani. Wengi hapa tuna bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita thadi pati. Hiyo ndiyo inayolazimishwa na Sheria, Sura 405, nayo inawahusu watu wengine walioumia au kufa. Gari lako halimo. Probox yako ikibingirika ukitoka Maua na mzigo wa miraa, na hakuna mwingine mwenye makosa, hasara ni yako. Anayelipwa gari lake ni mwenye bima kamili, komprihensivu.

Ajali ikitokea, ripoti kwa polisi ndani ya saa 24 na uchukue abstrakti. Ijulishe kampuni mara moja, kwa maandishi. Using'oe hata redio kabla mkaguzi wao hajaliona gari.

Ugomvi huanzia kwenye pesa. Mtu husema, "Niliandikisha gari kwa 900,000, nilipwe 900,000." Sivyo. Hicho ni kikomo tu. Kinacholipwa ni thamani ya gari kabla tu ya ajali. Kama lilikuwa la shilingi 700,000, hesabu inaanzia hapo, kisha inatolewa ile sehemu unayojibebea mwenyewe, eksesi. Mkataba ukisema asilimia 5, hiyo ni 35,000, unabaki na 665,000. Na ukiwa uliandikisha gari hilo kwa 500,000 ili ada ipungue, huvuki 500,000. Kwa hiyo lithaminishwe upya kila mwaka kabla hujalipia bima.

Ukiona thamani waliyotaja ni ndogo, pinga. Omba ripoti ya mkaguzi, tafuta mthamini mwingine, leta bei za magari ya aina na mwaka huohuo. Fanya hivyo kabla ya kutia sahihi fomu ya kukubali malipo, maana ukishaitia, dai limekwisha. Najua karo inangoja na mwenye nyumba anabisha hodi. Hata hivyo, nenda nayo nyumbani, isomeni wawili.

Kampuni ikilipa thamani yote, mabaki ni yake. Ukiyataka wewe, bei yake inakatwa kwenye malipo. Wakiyachukua, hakikisha umiliki umehamishwa NTSA, la sivyo gari litaendelea kutembea na jina lako.

Kama lilikuwa la mkopo, benki au sacco inalipwa kwanza, wewe unapata salio. Deni likizidi malipo, lililobaki utalilipa bila gari. Hapo wengi wameumia.

Dai likishakubaliwa, Sheria ya Bima inaipa kampuni siku 90 kulipa. Zikipita, andikia Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, uambatishe nakala za barua zote. Huhitaji wakili kulalamika huko, wala dalali wa kukusukumia faili.

Sasa maswali. Mzee pale nyuma, naona umekuja na bahasha yako. Tuanze na wewe.