Tafuta Panapovuja Kwanza

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, fundi wa viyoyozi vya magari, siku ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu, nami nitaanza na kosa langu.

Nilipofungua gereji Mombasa, mzee mmoja mwenye teksi alinijia akisema kiyoyozi hakipoozi. Nikamjazia gesi, akalipa, akaenda zake. Baada ya miezi miwili akarudi, nikamjazia tena. Aliporudi mara ya tatu, kompresa ilikuwa imekwama. Mafuta yanayolainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo gesi ikivuja, nayo hutoka kidogo kidogo. Nilikuwa nimemwuzia gesi mara mbili na kumwulia kompresa. Nilimnunulia nyingine kwa fedha zangu, na mke wangu anakumbuka vizuri tulivyokula mwezi ule.

Tangu hapo sijazi kabla ya kutafuta. Naanza kwa macho. Panapovuja, mafuta yale hushika vumbi yakafanya doa jeusi. Kwetu pwani natazama sana kondensa iliyo mbele ya rejeta, kwani hewa ya chumvi hula alumini. Kisha shingo ya kompresa, na vile vipete vya mpira kwenye maungio. Nisipoona kitu, najaza naitrojeni na kupaka povu la sabuni. Vijana, nasema naitrojeni! Oksijeni ya mtungi wa kuchomelea ikikutana na mafuta kwa mgandamizo, hulipuka.

Tundu likiwa dogo mno, natumia kifaa cha kunusa gesi. Hupitishwa pole pole chini ya bomba, maana gesi hii ya R-134a ni nzito kuliko hewa, huteremka. (Somo hilo nililisinzia katika darasa lile pale.) Kipoozeo kilichofichwa nyuma ya dashibodi hakifikiki kwa mkono. Huzima injini, nikasubiri kidogo, nikanusa kwenye kijibomba kinachodondosha maji chini ya gari. Ndipo nilipoigundua gesi ya teksi ile, siku ya kufunga kompresa mpya.

Mzee yule hakunihama. Ila kila akileta gari huniuliza, kabla hata sijamwamkia: "Umeshaona panapovuja?"