Mulilala kwa nani?

Maneno yaliyosemwa na timu ya mchezo wa kuigiza mbele ya wanamemba na wageni, siku ya mkutano mkuu wa chama



Komite ilituomba tuseme juu ya safari ya mchezo katika teritware ya Fizi. Raporti munayo mkononi. Ndani yake muna majina ya vijiji, hesabu ya watu na hesabu ya pesa. Leo tutasema yale ambayo hayakuingia katika raporti: tulilala wapi, na kulala huko kulifanya nini. Mutacheka kidogo, nasi tulicheka. Lakini kuna usiku mmoja ambao mpaka leo hatuuchekei, na ni juu ya huo tumekuja kusimama hapa.

Kwanza, kwa wale ambao hawakuuona mchezo. Familia moja inarudi kutoka kambi ya Nyarugusu, inakuta jirani amejenga ndani ya parseli yao. Maneno yanapanda, watu wanashikana mashati, na pale pale tunasimamisha mchezo. Mwongozaji anauliza watu: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Anayetaka anaingia, anachukua nafasi ya mchezaji, anajaribu njia yake mbele ya wote. Namna hii ya kuigiza ilianzishwa na Augusto Boal, mtu wa Brazili, katika miaka ya 1970. Kwetu inafaa kwa sababu hakuna mtu wa Fizi anayekubali kunyamaza wakati watu wanagombania udongo.

Tulikuwa watu nane, na mabegi, na ngoma mbili. Kutoka Uvira kwenda Baraka si mbali, kilomita hazifiki mia moja, njia inafuata ziwa. Lakini wakati wa mvua kilomita hazihesabiwi kwa namba, zinahesabiwa kwa mito. Mto ukijaa, unakaa ng'ambo hii unaangalia ng'ambo ile, na otele uliyopigia simu inakungoja bure.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tumeomba vyumba vinne katika nyumba moja ya wageni. Tulifika siku moja nyuma, tukakuta watu wa harusi wamevichukua vyote. Mwenye nyumba alituonea huruma, akatufungulia depo yake ya mawese. Tulilala kati ya mapipa na bidoni. Asubuhi, lile shati jeupe la mchezaji anayeigiza chefu lilikuwa na doa jekundu tumboni, kubwa kama sahani. Hatukuwa na lingine. Chefu alipotokea mbele ya watu, mama mmoja akapaza sauti: "Chefu amekunywa mawese ya mayatima!" Watu walianguka kwa kicheko. Tangu siku ile hatukulifua lile doa. Liliingia katika mchezo.

Kijiji kilichofuata tulilala shuleni, juu ya mabenchi. Mvua ilikuwa imetupiga njiani, kwa hiyo tulitandaza nguo za mchezo kwenye madirisha zikauke. Kati yake kulikuwa na koti moja la kaki, la yule anayeigiza mtu wa silaha. Saa kumi na mbili ya asubuhi tuliamka, tukaona kijiji kimenyamaza. Hakuna moshi jikoni, hakuna mtoto anayepita na bidoni ya maji. Watu waliotoka mapema waliona lile koti dirishani, wakaambiana, na nyumba za karibu zote zikakimbilia mashamba ya mihogo.

Direkta wa shule ndiye aliyekwenda kuwaita. Walirudi polepole, wamama wamebeba watoto mgongoni na masufuria kichwani. Kijana mmoja wa timu alianza kucheka, tukamkataza. Watu hawa walikimbia mwaka 1996, wakakimbia tena 1998, na mara nyingine ambazo hazikuandikwa popote. Sisi tulikuja kuwasemea juu ya amani, na kabla ya kufungua kinywa tulikuwa tumewatoa kitandani kwa hofu. Tuliomba msamaha nyumba kwa nyumba. Lile koti tuliliacha. Sasa mtu wa silaha anaigizwa kwa filimbi na fimbo tu, na watu wanamwelewa vizuri sana.

Sasa tuseme juu ya ule usiku.

Kulikuwa na kijiji, jina lake tutalinyamazia, ambapo tulifika usiku, tumeloa. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa. Shule ilikuwa haina paa. Baba mmoja mchuuzi akatoka na tochi, akasema: "Watoto, mutalala inje? Kujeni kwangu." Nyumba nzuri, ya matofali ya kuchoma, na mabati. Alitupatia vyumba viwili, akatuchemshia maji, mke wake akatupikia ugali na ndagala. Tulimbariki. Asubuhi tulimlipa, na kwa sababu kila franka ya mfadhili inaomba karatasi, tulijaza resu, ile ambayo nyinyi mliotoka Tanzania munaita risiti. Katika fomu yetu kuna mstari unaosema "Mwenye nyumba na kiwanja". Akaandika jina lake, akatia saini. Sisi tukapiga muhuri, nakala moja kwake, nakala moja kwetu.

Saa nane tulianza mchezo chini ya mwembe. Watu wengi, lakini baridi. Hawachekei doa la chefu. Tulipofika mahali pa kusimamisha, mwongozaji akauliza kama kawaida: "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Kimya. Kisha akasimama mama mmoja mwenye miaka kama hamsini. Hakuingia katika mchezo. Alisema kutoka pale pale alipokuwa:

"Munatufundisha mambo ya udongo, na jana usiku mulilala ku udongo wangu. Ile nyumba iko ndani ya parseli ya baba yangu. Mulipita ku mulango, hamukuuliza. Sasa munaniuliza mimi nitafanya nini?"

Hakuna mwanamemba wa timu aliyekuwa na jibu. Mwongozaji wetu amesoma hadi chuo kikuu, na alisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Tulifunga mchezo kabla ya mwisho. Ni mara moja tu katika safari yote.

Jioni tuliomba ruhusa ya kumfuata yule mama. Alikuwa anakaa kwa shemeji yake, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, juu mlimani. Alitupokea. Alitueleza: baba yake alipanda michikichi saba kando ya kijito, kuonyesha mpaka. Walikimbia yeye akiwa na mtoto mmoja, akarudi na watano. Alikuta michikichi mitatu tu imebaki, na ile nyumba. Yule mchuuzi naye hakuwa mwizi wa usiku. Alinunua kwa mtu aliyebaki wakati wa vita, na ana karatasi ya chefu wa wakati ule. Wote wawili wana haki wanayoiona kwa macho yao. Munajua namna ilivyo: sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, mtu anapewa haki ya kuutumia. Lakini huku kwetu wengi hawajawahi kuona hati. Ushahidi wao ni miti, na wazee walioona ikipandwa. Na wazee wanakufa.

Yule mama hakutuomba pesa. Alisema tu: "Mukienda, museme mulilala kwa nani."

Kesho yake ratiba ilituita upande wa rasi ya Ubwari. Tulipanda boti ya mbao kuvuka ghuba ya Burton. Katikati upepo uligeuka, maji yakaanza kuingia, na mwenye boti akasema hatufiki leo. Alituteremsha kwenye kambi ya wavuvi, vibanda vya majani kwenye mchanga. Tulikuwa na hasira juu ya ratiba. Hatukujua bahati yetu.

Munajua wavuvi wa ndagala wanafanya kazi usiku, kwa taa, na mchana wanalala. Ndiyo maana hatukuwahi kuwaona katika michezo yetu ya saa nane. Lakini usiku ule mwezi ulikuwa umejaa. Mwezi ukijaa, ndagala hawafuati taa, na wanaume wanabaki kando. Wakatuuliza: "Ngoma hizo ni za nini?" Tukawaambia. Wakaleta taa zao za kuvulia, wakazipanga kwa duara kwenye mchanga, na tukaigiza katikati ya mwanga ule mpaka usiku wa manane. Hatujapata kuigiza mahali penye mwanga mzuri kama ule.

Tulipofika pale pa kusimamisha, tuliona haya kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Tukawaeleza, bila jina na bila kijiji, kwamba juzi tulilala ndani ya nyumba yenye ugomvi, na mama mmoja akatuuliza swali. Mwisho wa yote, mzee mmoja anayeshona nyavu alitufuata penye moto. Akauliza: "Hiyo michikichi ilikuwa saba, kando ya kijito?" Tulinyamaza. Akasema: "Nilishika jembe siku ile ilipandwa. Baba yake alikuwa rafiki yangu. Sikujua mtoto amerudi."

Hapo munaweza kufikiri shida imekwisha. Bado.

Siku chache baadaye tulikuwa Baraka, simu ikalia. Chefu wa kijiji alikuwa ameita baraza juu ya ile parseli, na yule mchuuzi alileta karatasi mpya mbele ya wazee: resu yetu. Jina lake, saini, muhuri wetu wa buluu, na ule mstari, "Mwenye nyumba na kiwanja". Akasema: "Hata watu wa chama wanajua ni pangu. Walilala, walilipa, waliandika."

Tulikaa chini. Fomu ile tuliitengeneza sisi wenyewe ofisini, ili hesabu iwe safi. Hesabu ilikuwa safi kabisa, na karibu imtoe mama katika udongo wa baba yake.

Tulifanya mambo mawili. Kwanza, tuliandika barua kwa baraza: kwamba resu inaonyesha malipo ya usiku mmoja tu, haionyeshi parseli ni ya nani, na kwamba kosa la maneno ni letu. Tulikwenda kuisoma wenyewe, yule mchuuzi akiwa amekaa mbele yetu, baba aliyetupatia maji ya moto. Ilikuwa nguvu sana. Tulimshukuru mbele ya wote kwa kutupokea, kisha tukasoma. Pili, tulimwambia yule mama kwamba kuna mzee ng'ambo. Lakini hatukumlipia mzee safari. Tungemlipia sisi, wangesema tumemnunua. Wanamemba wa kijiji kile, nyinyi wenyewe, ndio mulikusanya franka mia tano mia tano mpaka nauli ya boti ikatimia, kwenda na kurudi. Hapo tuliona maana ya neno kusaidiana kuliko katika semina zote tulizofanya.

Mzee alikuja. Alitembea na baraza mpaka kijitoni, akaonyesha mashina manne yaliyokatwa, yamefunikwa na majani. Baraza liliamua upande wa michikichi urudi kwa mama, na ameanza kulima. Juu ya nyumba yenyewe bado wanaongea: kuna wanaosema mchuuzi amlipe mama, kuna wanaosema abadilishiwe kiwanja. Hatuwezi kuwaambia mwisho, kwa sababu haujafika. Lakini hakuna aliyemwaga damu, na wanasalimiana.

Kwa hiyo tuna maombi matatu, kisha tutakaa.

Kwa komite: kabla ya timu kufika, mtu mmoja atangulie siku mbili. Asiulize tu bei ya kitanda. Aulize majirani, upande huu na upande ule, nyumba hiyo imesimama wapi. Na ile fomu tumeshaibadilisha: sasa inasema "Aliyepokea wageni", basi.

Kwa nyinyi wafadhili wetu: hiyo safari ya kutangulia inaomba pesa kidogo ya motari na ya simu, na haina picha nzuri ya kuwatumia. Tunaomba muikubali katika bajeti. Pia mukubali kwamba siku nyingine tutaleta karatasi yenye maneno machache kuliko munavyopenda. Karatasi kwenu inaishia kwenye faili. Kwetu inaweza kusimama mbele ya baraza.

Kwa wanamemba: tukifika kwenu usiku, tumeloa, na mukatuona tunaingia mlango usiofaa, musingoje mpaka kesho saa nane. Tuiteni pembeni, mutuambie. Tutalala hata depo ya mawese, tumeshazoea.

Yule mama alituomba tuseme tulilala kwa nani. Tumesema.