Maji Hayafuti Yote



Nimeombwa niseme machache juu ya upelelezi, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Bonde letu la Kilombero hufurika wakati wa masika. Masika moja, nikiwa askari kijana, tulitoa panga katika mfereji wa shamba la mpunga, si mbali na Ifakara. Lilikuwa limejaa tope. Nikalifuta kwa kitambaa, nikadhani nimefanya jambo la maana. Mtu aliyeshukiwa alikaa rumande miezi, kisha akaachiwa kwa kukosa ushahidi, lakini kijijini jina lake halikusafika tena. Kama alilishika panga lile au hakulishika, hatukujua kamwe.

Alama ya kidole ni jasho na mafuta. Jasho lina maji, chumvi na asidi amino. Mafuta si ya kidole chenyewe. Tunayapata tunapojishika uso na nywele. Sasa nawauliza vijana wa kemia: kitu kikitumbukia mtoni, kipi huyeyuka? Chumvi na asidi amino huenda na maji. Mafuta hubaki kwa muda.

Kwa sababu hiyo karatasi iliyolowa haipakwi ninihidrini, ambayo hutafuta asidi amino. Hutumiwa dawa yenye madini ya fedha, nayo fedha hujikusanya penye mafuta. Kwenye chuma au kioo kilicholowa, unga wa kawaida wa kutafutia alama hugeuka uji. Hapo hupulizwa maji ya sabuni yenye chembe laini za molibdeni disalfaidi. Chembe hizo hushika mafuta, na alama hutokea kwa rangi ya kijivu.

Petroli na mafuta ya taa ni adui mkubwa zaidi, maana huyeyusha mafuta yenyewe. Hata hivyo, mwaka 2008 John Bond wa polisi ya Northamptonshire, Uingereza, alionyesha kwamba jasho huweza kula shaba ya ganda la risasi, na alama ikabaki hata ganda likioshwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkikuta kitu cha mashaka majini, msikifute wala msikianike juani. Kiacheni kilipo, mwite polisi. Kama hakuna budi kukitoa, kishikeni kwenye kingo, mkiweke katika chombo safi pamoja na maji yale yale.

Na tukumbuke: alama isipoonekana, si ushahidi kwamba mtu hakushika, wala kwamba alishika akafuta. Siku ile si mfereji uliomnyima yule bwana haki yake. Ni kitambaa changu.