Namba Moja Haitoshi Mpakani



Imezoeleka hoja kwamba mashaka katika ulinzi wa mipaka ni upungufu wa vifaa tu. Ongeza rada na kamera, kompyuta itoe alama moja ya tishio, na doria itajua pa kwenda. Nimekuja kuivunja hoja yenyewe.

Tuchukue mtambo unaomnasa kila mvusha magendo, na unaokosea mara 1 tu katika 100 unapoona kitu kingine. Usiku mmoja rada ione vitu 10,000: ng'ombe, wachungaji, vichaka vinavyotikiswa na upepo, na wavusha magendo 10. Mtambo utawanasa wote 10, kisha utapiga kengele kama 100 za bure. Katika kila kengele 11, ya kweli ni moja. Punguza makosa mara 10, bado nusu ya kengele ni za bure. Mtambo si mbovu; wanaotafutwa ni wachache mno.

Marekani ililipia somo la mitambo hii. Septemba 2006 kampuni ya Boeing ilipewa kandarasi ya SBInet, minara ya rada na kamera katika mpaka wa Meksiko. Huko Arizona hata mvua ilivuruga rada. Januari 2011 mradi ulifutwa, baada ya takriban dola bilioni 1 kutumika kwa kilomita 85 hivi.

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mlinzi wa ghala bandarini Tanga, aliniambia: “Mpwa wangu, kengele ikikudanganya usiku kucha, alfajiri huinuki.” Ndivyo kengele ya kweli inavyopuuzwa.

Ipo njia nyingine badala ya alama moja. Kitabu ninachokirudia kila mwaka ni *A Mathematical Theory of Evidence* cha Glenn Shafer, cha 1976, kilichojengwa juu ya kazi ya Arthur Dempster. Uzuri wake ni kuipa hali ya kutojua nafasi yake yenyewe. Kamera iangalie kivuli katika ukungu: ushahidi wa 0.3 useme ni mtu, 0.1 useme ni mnyama, na 0.6 ibaki bila kuegemea popote. Shafer atasema imani kwamba ni mtu ni 0.3, na ushahidi unaruhusu ifike hadi 0.9. Mtambo wa alama moja utaigawa ile 0.6 nusu kwa nusu na kutangaza 0.6. Afisa ataiona namba hiyo kama ujuzi, ilhali nusu yake imetokana na ukungu.

Hata hivyo, mtaalamu Lotfi Zadeh alionyesha kuwa kanuni ya Dempster ya kuunganisha ushahidi hutoa majibu ya ajabu vyanzo viwili vinapopingana vikali. Pingamizi hilo ni zito, nami nalikubali. Lakini linagusa namna ya kuunganisha ushahidi. Haliifanyi alama moja kuwa kweli. Rada na kamera zikipingana, mpingano huo wenyewe uonyeshwe kwenye skrini.

Basi serikali inayonunua mtambo iandike katika mkataba kwamba skrini ionyeshe namba zote mbili, ya imani na ya kikomo chake cha juu, na kwamba pengo kati yake likiwa pana, mtambo usimwamuru mtu kukamata wala kufyatua risasi. Anayevuka mpaka katika ukungu ana haki ya kutohukumiwa kwa yale ambayo hakuna aliyeyaona.