Magugu, Mazao na Mwezi wa Dagaa: Mada juu ya Mashamba ya Bangwe



Kila mkulima wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika huko Kigoma, awe wa Bangwe, wa Katonga, wa Ujiji au wa bonde la Luiche, ajua ya kuwa magugu hupunguza mavuno, wala sikuja kuwafundisha wajuzi ilimu waliyorithi kwa wazee wao. Neno ninaloomba idhini ya kulinena ni jingine: kwamba katika mashindano baina ya zao na gugu ushindi aghalabu huamuliwa katika majuma machache ya mwanzo, na kwamba katika Bangwe majuma hayo machache hayamilikiwi na mkulima, bali yamilikiwa na dagaa.

Mimea iliyoota ubavu kwa ubavu hugombania mwanga, maji, rutuba na nafasi ya mizizi. Punje ya hindi ni kubwa, imebeba akiba ya kuulisha mche siku zake za awali, hali mbegu za magugu mengi ni ndogo mno, hazina akiba ya kutajika, na miche yake isipouona mwanga upesi hufa. Kwa hiyo hindi huingia shambani kama mtoto wa tajiri aliyeachiwa urithi. Lakini urithi huo ni wa siku chache, na majirani mafukara waliomzunguka ni wengi kuliko yeye.

Jambo ambalo wengi wetu hatulitazami ni kwamba hindi hudhurika kabla halijafunikwa na kivuli. Jani bichi hunywa sehemu nyekundu ya nuru ya jua, na ile sehemu iliyo mbele ya wekundu, isiyoonekana kwa macho ya mwanadamu, huirudisha nyuma. Mche wa hindi huipokea nuru hiyo iliyorudishwa na jirani, huitambua kuwa ni habari ya mshindani aliye karibu, na papo hapo hubadili mwendo wake, ukawa mwembamba, ukakimbilia juu, ukapunguza bidii ya kushusha mizizi. Palizi ikija baadaye itaondoa gugu, ila haitaurudishia mche mizizi ambayo haukuishusha. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo huhesabu kwamba shamba la mahindi shurti liwe safi takriban tangu juma la pili hata la sita baada ya kuota. Magugu yanayoota baada ya hapo hukuta zao limekwisha kufunga majani, yakadhoofika yenyewe. Maharage muda wao ni mfupi zaidi. Muhogo, kwa kuwa hukawia kufunika ardhi, hudai uangalizi kwa miezi mitatu.

Sasa na tutazame mikono ya kushika jembe. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hata Mei, na msimu huo wa kupanda na kupalilia haumsimamishi mvuvi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifai kitu mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu ziwa zima huwa na nuru na samaki hawana haja ya kuikusanyikia karabai. Basi siku za giza wanaume wako majini usiku na usingizini mchana, na wake zao alfajiri wako mwaloni kununua, kuanika na kugeuza dagaa mchangani. Siku chache za mbalamwezi ndizo za kushona nyavu, na ndizo za shamba. Mahindi yakichomoza mara tu baada ya mwezi mpevu, mbalamwezi ya pili itayakuta na juma la nne, yamekwisha kunyong'onyea. Yakichomoza mwezi mwandamo, mbalamwezi itayakuta mwishoni mwa juma la pili, wakati hasa unaostahili. Mwezi haufanyi uganga wowote juu ya hindi. Hutawala mkono wa mpalizi tu, na nadhani baadhi ya desturi za wazee za kupanda kwa kuangalia mwezi, ambazo wasomi wameziita ushirikina, katika nchi ya wavuvi zina hesabu ndani yake.

Lakini sishauri mtu aungoje mwezi ilhali mvua imekwisha kunyesha, maana mvua ya kwanza haikopeshwi. Ushauri wangu ni wa kuchagua zao: aliyenyeshewa katika siku zisizoafikiana na nafasi yake, na atangulize maharage au karanga zilizopandwa kwa kubanana, ambazo huifunika ardhi mapema, na mahindi ayapunguze eneo yawe kadiri ya mikono iliyobaki nyumbani. Shamba dogo lililopaliliwa kwa wakati hulipa kuliko kubwa lililopaliliwa kwa majuto.

Michikichi nayo ina shauri lake. Tangu mwaka 2018, Serikali ilipolihimiza upya zao hili na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya mbegu bora, miche mingi imepandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa mpangilio wa pembetatu, yaani takriban miche 143 kwa hekta. Baina ya mche na mche pana uwanja mtupu kwa miaka kadhaa, na uwanja mtupu hauachi kujazwa. Mkulima asipoujaza kwa maharage au karanga, magugu yataujaza bila kualikwa. Kulisafisha duara la kuuzunguka mche yatosha. Katika miteremko ya Bangwe, kung'oa kila jani mpaka udongo ubaki uchi ni kuukabidhi udongo huo kwa mvua iupeleke ziwani, na mimi huona heri mstari wa majani ulioachwa kukingama mteremko kuliko usafi wa kupendeza macho.

Dawa za kuua magugu ziko madukani, nazo hurahisisha kazi. Ila shamba lililo juu ya maji yanywewayo na yavuliwayo lina wajibu ambao shamba la bara halina.

Yako magugu mawili yasiyotii kanuni niliyoieleza. Kiduha, kisumbuacho mahindi na mtama katika sehemu nyingi za Tanzania, hushika mzizi wa zao chini ya ardhi na kuunyonya kwa majuma kadhaa kabla hakijaonekana. Mkulima anapoliona ua lake hasara ya mwaka huo imekwisha kupita, na hung'olewa kwa ajili ya miaka ijayo tu, kwa kuwa mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu ziwezazo kungoja ardhini miaka kumi na zaidi. La pili ni ndago. Huyu jembe halimuui, humwongeza: chini ana vijiazi vilivyofungamana kama tasbihi, na jembe likiukata uzi kila kijiazi kilichokuwa kimelala huamka. Vitu viwili humshinda, kivuli kizito na jua kali la kiangazi likiviunguza vijiazi vilivyofukuliwa.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nilisikia watu wakisema kwamba wavuvi sasa watapata nafasi ya kupalilia, na hesabu hiyo haikuwa sahihi, kwani miezi hiyo ni ya kiangazi, na mahindi yalikwisha kuvunwa. Kwa ndago, hata hivyo, hakuna majira bora kuliko hayo: mikono ipo, mvua haipo, na vijiazi vikifukuliwa na kuachwa juani siku kadhaa hukauka na kufa. Napendekeza kazi hiyo ifanywe kwanza katika mashamba ya tambarare ya Ujiji na Luiche. Miteremko ya Bangwe isifukuliwe namna hiyo, maana udongo uliolegezwa Julai mvua za Oktoba zitaukuta bado haujashikwa na mzizi wowote.