Rufaa ya Mafao ya Ulemavu kwa Askari Wastaafu: Nani Abebe Mzigo wa Ushahidi?

Utangulizi

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipanda milima ya Usambara mwezi Juni 1916, Waingereza walipoiteka Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Wajerumani waliorudi nyuma walitegemea askari Waafrika, na pande zote mbili zilibebewa chakula na risasi na wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi.

Mada hii inatetea hoja moja: askari aliyeumia kazini asinyimwe mafao kwa sababu ya karatasi ambayo aliyemtuma vitani ndiye aliyepaswa kuitunza.

Fagio la Mwanza

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliidhinisha malipo kwa askari wa zamani wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hivyo, waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Ndipo afisa aliyeleta fedha akampa kila mzee fagio na kumwamuru, kwa Kijerumani, alishike kama bunduki kwenye gwaride. Wote walifaulu.

Mlipaji alikubali ushahidi uliokuwepo. Hata hivyo, jaribio hilo lingemshinda aliyekatwa mkono, na mpagazi hakuwahi kufundishwa gwaride. Kipimo kinachomfaa mzima kinaweza kumtupa nje yule yule anayestahili zaidi.

Waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ndani ya kikosi cha Waingereza cha King's African Rifles, walikutana na ukuta mwingine. Mwaka 2019 Al Jazeera ilifichua waraka ulioonyesha kuwa kiinua mgongo cha vita kilipangwa kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi. Mwafrika aliweza kupata theluthi moja ya alicholipwa mzungu. Kosa lilikuwa ndani ya jedwali lenyewe la malipo.

Rufaa leo

Mtanzania wa sasa ana silaha ambayo wazee hao hawakuwa nayo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine dhidi ya uamuzi wa mahakama au chombo kingine kinachohusika. Ngazi za ndani zikiisha, anaweza kuiomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka ya umma, lakini kibali cha kufungua shauri hilo huombwa ndani ya miezi 6.

Muda huo ni mfupi kwa mzee wa Mtae au Mlalo mwenye mguu mmoja, ambaye lazima ashuke Lushoto, apite Soni hadi Mombo, ndipo ashike njia ya Tanga kuifikia Mahakama Kuu.

Kwa hiyo kazi ianze siku barua ya kukataliwa inapofika. Aombe sababu kwa maandishi. Je, wamekataa kwamba ana ulemavu, kwamba aliupata kazini, au wamepunguza tu kiwango chake? Kila jibu lina ushahidi wake. La kwanza na la tatu huhitaji uchunguzi mpya wa daktari. La pili huhitaji kumbukumbu za kikosi, kadi za hospitali, au viapo vya wenzake waliomwona akianguka. Ikiwa aliumia katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, wenzake hao sasa ni wazee. Maelezo yao yaandikwe mapema.

Mapendekezo

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, taasisi inayolipa ndiyo ifukue majalada ya utumishi, na jalada likipotea, mashahidi wapokelewe. Pili, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wafundishwe mafao ya askari na wafike Mlalo, Mlola na Bumbuli. Tatu, kila barua ya kukataa ieleze kwa Kiswahili chepesi sababu za uamuzi, mahali pa kukatia rufaa na siku ya mwisho ya kufanya hivyo.