Kutwa Moja katika Ziwa Babati

Leo twapenda kuwasimulia habari za kutwa moja tuliyotembea polepole katika Ziwa Babati, lililo kando ya mji wetu.

Tulipanda mtumbwi asubuhi, mlima Kwaraa ukionekana upande wa mashariki. Huko Uingereza, mashua nyembamba za mifereji zilikokotwa zamani na farasi aliyetembea ukingoni. Yetu ilisukumwa kwa upondo, na mvuvi aliyetuchukua hakuwa na haraka.

Tulipokaribia matete, akazuia upondo akatunyamazisha. Kumbe, mbele yetu wamo viboko, masikio na pua tu juu ya maji! Mmoja wetu akataka tusogee tuwatazame vema. Mvuvi akakataa, akasema, "Hapana, waalimu. Tukiingia kati ya kiboko na maji ya kina, tumemfungia njia, naye atatupindua." Basi tukazunguka mbali, tukachelewa, lakini tukafika salama.

Wakati wa kurudi tulikumbushana mwaka 1990, ziwa lilipofurika hata maji yakaingia mjini. Ziwa hili halina mto wa kutokea sikuzote, na udongo uchukuliwao na mvua kutoka mashamba ya miteremkoni hutua ndani yake, kina kikapungua. Alimaye mlimani bila matuta hupoteza rutuba yake, tena humletea jirani yake wa bondeni gharika.

Kiboko twaweza kumzunguka; maji yakifurika, hayazungukwi.